Densiti Ilivyookoa Fahali wa Mjomba

Wengi wetu hudhani hesabu za densiti ni za kutafutia alama tu. Hata mimi nilidhani hivyo, hadi mjomba alipotoka Homa Bay muhula uliopita akaja kwetu Migori na jiwe la manjano limefungwa ndani ya leso. Aliuziwa na mtu fulani upande wa Macalder kwa bei ya mbuzi, akaambiwa gunia zima liko. Mjomba alikuwa tayari kuuza fahali wake.

Je, densiti ni nini? Ni tungamo ya kitu ikigawanywa kwa ujazo wake. Tungamo hupimwa kwa gramu au kilo. Ujazo hupimwa kwa sentimita za ujazo, na sentimita moja ya ujazo ni sawa na mililita moja. Densiti ya maji ni gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, mchanga ni kama 2.6, na dhahabu safi ni 19.3. Ndiyo maana wachimbaji wakitikisa karai, maji huondoka na mchanga na dhahabu hubaki chini.

Mwalimu wa kemia aliniruhusu kulipima jiwe. Mizani ilionyesha kilo 0.0425. Nikatia maji mililita 50 katika silinda ya kupimia, nikalitumbukiza jiwe polepole kwa uzi. Maji yakapanda hadi 58.5. Kwa hivyo ujazo wake ni 8.5.

Nikagawanya 0.0425 kwa 8.5, nikapata 0.005. Lo! Jiwe jepesi kuliko maji mara mia mbili! Sasa mbona lilizama? Mwalimu akacheka, akaniuliza, "Vizio viko wapi?" Kumbe nilichanganya kilo na sentimita za ujazo. Nikabadilisha kilo kuwa gramu:

gramu 42.5 ÷ sentimita za ujazo 8.5 = gramu 5.0 kwa sentimita ya ujazo.

Kama lingekuwa dhahabu safi, lingekuwa na gramu 164 hivi. Hiyo 5.0 ni densiti ya pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu.

Lakini mwalimu alinionya: mwamba wenye dhahabu kidogo ndani pia huwa na densiti ndogo, kwa hivyo tusitegemee kipimo kimoja. Tukaligonga kwa nyundo. Dhahabu ni laini, ingebonyea. Hilo lilipasuka vipande vipande, na unga wake ulikuwa mweusi.

Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mbuzi amekwenda, lakini fahali amebaki."

Wenzangu, si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mkifanya hesabu, andikeni vizio tangu mstari wa kwanza, kisha jiulizeni kama jibu linaingia akilini. Nambari isiyo na kizio ingeweza kumla mjomba fahali mzima.