Tujifunze: Kwa Nini Vanga Hufurika Hata Bila Mvua

Wakazi wa Vanga wanalijua jambo hili. Jua limewaka kutwa, hakuna tone la mvua, lakini alfajiri maji yako mlangoni. Katika somo la toleo hili tunaeleza maji hayo hutoka wapi, kwa sababu kulifahamu hilo mapema kunaweza kuokoa maisha.

Mto huanzia wapi?

Mto Umba huanzia kwenye misitu ya Shagayu, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto nchini Tanzania, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hushuka hadi nyanda kavu, huelekea mashariki, kisha huvuka mpaka na kuingia Kaunti ya Kwale. Humwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na mji wa Vanga. Urefu wake ni takriban kilomita 200, na sehemu kubwa iko Tanzania.

Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili, mlango wa Umba ulifanywa mwanzo wa mstari wa mpaka unaoelekea Ziwa Jipe. Mwaka 1893 mwanzo huo ulisogezwa hadi Ras Jimbo. Ndiyo maana Vanga na mlango wa mto viko Kenya, ilhali chanzo kiko nchi jirani.

Kwa nini maji huja ghafla?

Upepo wenye unyevu kutoka baharini hupanda milima ya Usambara na kuangusha mvua huko. Miteremko ni mikali, na pale miti ilipokatwa udongo hauzuii maji. Yakifika kwetu, ardhi ni tambarare: mto hupunguza kasi, huacha tope, kina hupungua na maji hutoka kingoni. Yakikutana na bamvua, bahari huyazuia yasitoke, nayo hurudi vijijini.

Tope hilo hilo ndilo linalorutubisha mashamba ya mpunga na kulisha mikoko wanamozaliana samaki na kamba. Wakati wa kiangazi hali hugeuka: maji ya mto hupungua, na maji ya chumvi hupanda kutoka baharini.

Mkazi afanye nini?

• Wakati wa masika na vuli, sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Anga ya Kenya na pia ule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mvua kubwa ya Lushoto inakuhusu.
• Kama una jamaa ng'ambo ya mpaka kandokando ya mto, mpigie simu umuulize maji yamefikia wapi.
• Zingatia siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.
• Ukiona maji yamegeuka rangi au yanabeba magogo, usivuke. Mwarifu mzee wa kijiji au chifu, kisha uhamishe watoto, wazee na mifugo mahali palipoinuka.
• Usilime hadi ukingoni, wala usikate mikoko. Mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu za mawimbi.

Kwa hiyo, msimu wa mvua ukifika, usitazame mawingu ya Vanga pekee. Uliza pia habari za Usambara.