SOMO LA AFYA: UCHOVU SI JINA LA UGONJWA
Maelezo juu ya vitamini na dawa ya tezi ya shingo



Kila siku ya soko, iwe Oyugis, Rongo, Awendo au Sori, watu wengi huingia katika duka la dawa na kueleza shida zinazofanana. Huyu asema mwili wake hauna nguvu. Yule asema nywele zake zinakatika. Mwingine ameongezeka unene ijapokuwa hali chakula kingi, na mwingine moyo humwenda mbio apandapo kilima. Mara nyingi wote hao hurudi nyumbani na kitu kimoja, yaani chupa ya vitamini. Tena wako walioshauriwa na jirani, au na matangazo waliyoyaona katika simu, watafute dawa ya tezi ya shingo, kwa kuwa husemekana kwamba yaondoa uchovu na kupunguza unene.

Katika somo hili twataka kueleza vitamini ni nini, dawa ya tezi ni nini, na kwa nini vitu hivi viwili havifanani. Lakini kwanza tuweke mbele neno moja, ambalo msomaji akilishika, mengine yote yatakuwa mepesi: uchovu si jina la ugonjwa. Uchovu ni mjumbe. Mjumbe akibisha hodi, mtu mwenye busara humwuliza ametumwa na nani. Hamfukuzi kabla hajapata habari.

VITAMINI NI NINI?

Mwili hutumia chakula kama moto utumiavyo kuni. Lakini zaidi ya chakula cha kutia nguvu, mwili wahitaji pia vitu fulani kwa kiasi kidogo sana, ambavyo visipopatikana kazi zake huharibika. Vitu hivyo ndivyo viitwavyo vitamini, na hesabu yake ni 13. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1912 na mtaalamu Casimir Funk, mzaliwa wa Warsaw.

Mtu aliyepungukiwa na vitamini huugua kweli, na akipewa ile aliyoikosa hupata nafuu. Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha hushindwa kuona vizuri wakati wa magharibi, na hali ikizidi aweza kupofuka. Ndiyo sababu watoto wa tangu miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A katika zahanati kila baada ya miezi 6. Mama mjamzito naye hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ili damu yake isipungue na mtoto akue vyema. Hapana budi kuvipokea na kuvimeza vyote, wala si kuvificha kabatini.

Lakini mtu ambaye hakupungukiwa hapati nguvu mpya kwa kuongezewa. Debe lililojaa halijazwi tena. Vitamini C na nyingi za aina ya B zikizidi hutoka katika mkojo, na ndiyo sababu mtu amezaye vidonge hivyo huona mkojo wake umekuwa wa manjano ya kung'aa. Wengine hudhani kwamba ni uchafu unaotoka mwilini, kumbe ni fedha yao inayokwenda chooni.

Vitamini A na D, pamoja na madini ya chuma, zina hatari zaidi, kwa kuwa mwili huziweka akiba, na akiba ikizidi hudhuru. Vitamini A nyingi mno katika siku za mimba yaweza kuharibu umbo la mtoto aliye tumboni. Vidonge vya chuma, ambavyo mara nyingi hupakwa rangi nzuri, vyaweza kumwua mtoto mdogo akivila akidhani ni peremende. Basi viwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Watu wa Migori na Homa Bay wana ghala karibu na nyumba zao. Omena aliwaye mzima, pamoja na kichwa na mifupa, huupa mwili protini, kalsiamu, chuma na vitamini A. Mboga za kienyeji, kama osuga, akeyo na majani ya kunde, zina vitamini nyingi, mradi zisichemshwe mpaka zikapoteza rangi na maji yake yakamwagwa. Na katika viazi vitamu, ambavyo Kabondo yasifika kwavyo, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa ndivyo bora kwa vitamini A.

TEZI YA SHINGO NA KAZI YAKE

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, pana tezi yenye umbo kama la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, ambayo husafiri katika damu na kuuamuru mwili ufanye kazi kwa mwendo gani.

Homoni hiyo ikipungua, mwili wote hupoa kama jiko lililonyimwa makaa. Mtu huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho. Huchoka, hufunga choo, ngozi yake hukauka, sauti hukwaruza, uzito huongezeka na moyo hupiga polepole. Homoni ikizidi, mambo huwa kinyume: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humkimbia, naye hukonda ingawa anakula sana.

Zamani mtu mwenye tezi iliyolala hakuwa na tiba. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Newcastle, Uingereza, aitwaye George Murray, alimdunga mama wa miaka 46 dawa iliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama huyo alipata afya, akaendelea kutibiwa, akaishi miaka mingine 28. Leo dawa ya namna hiyo hutengenezwa viwandani, nayo huitwa levothairoksini. Kwa mgonjwa anayeihitaji, ni uhai.

CHUMVI, SAMAKI NA MUHOGO

Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini ya iodini. Mtu mzima ahitaji kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Kijiko kimoja cha chai chatosha kwa maisha yote ya mtu, lakini ni lazima kipatikane kidogo kidogo kila siku. Kikikosekana, tezi hujitanua na shingo huvimba. Hilo ndilo rovu. Tena hasara kubwa kuliko zote haionekani shingoni. Mama mjamzito akikosa sana iodini, mtoto wake aweza kuzaliwa akiwa amedumaa akili au asiyesikia, na dawa za baadaye haziwezi kumrudishia alichokikosa tumboni.

Iodini nyingi imo baharini. Samaki wa bahari anayo kwa wingi, lakini samaki wa maji baridi, kama ngege na mbuta wa Ziwa Viktoria, anayo kidogo zaidi. Basi asidhani mtu kwamba kwa kukaa kando ya ziwa amekwisha kuokoka. Kinga yetu ni chumvi. Tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya yataka chumvi ya kula itiwe iodini, na hivyo ndivyo itiwavyo chumvi ya pwani ya Kilifi, huko Gongoni na Marereni, kabla ya kuletwa madukani. Nyumbani iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe katika mchuzi karibu na kuiva, kwa maana iodini hupotea. Magadi hayawezi kushika mahali pake.

Muhogo nao una neno lake. Katika kisiwa cha Idjwi, kilichomo katika Ziwa Kivu mashariki ya Kongo, wataalamu walichunguza katika miaka ya 1960 kwa nini marovu yalikuwa mengi sana upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi, ijapokuwa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Waliona kwamba muhogo ulizidisha balaa. Sumu iliyomo muhogoni, isipotolewa vizuri, hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kupokea iodini. Hatusemi kwamba muhogo ni adui. Ni chakula cha watu wengi katika Nyatike na Kuria. Lakini umenywe, ulowekwe na kukaushwa kabisa juani kabla ya kusagwa, na mboga yake iliwe kwa chumvi yenye iodini.

DAWA YA TEZI SI VITAMINI

Hapa ndipo penye hatari tunayotaka kuwaonya wasomaji. Mtu mwenye tezi nzima akimeza levothairoksini ili akonde au apate nguvu, ajitia kwa mkono wake ule ugonjwa wa homoni kuzidi. Moyo waweza kwenda mbio bila mpango na mifupa kudhoofika, na akimeza nyingi aweza kufa.

Hata rovu peke yake si ushahidi kwamba tezi imelala. Rovu laweza kuwa la tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na kumwongezea mtu kama huyo dawa ni kumwaga mafuta ya taa juu ya moto. Daktari hodari hakati shauri kwa kutazama shingo tu, hupima damu. Kipimo cha kwanza huitwa TSH. Wala mtu asinywe iodini ya kupaka vidonda, wala asijinunulie vidonge vya iodini, kwani iodini ikizidi nayo yaweza kuidhuru tezi.

Kwa wale waliopimwa na kupewa levothairoksini, yafaa washike mambo haya. Imezwe asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vimezwe baada ya muda wa saa 4, kwa sababu huizuia dawa kuingia katika damu. Atumiaye vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha amwambie daktari kabla ya kupimwa, maana vyaweza kuyapotosha majibu. Mama atakayepata mimba aende kliniki upesi, kwa kuwa kipimo cha dawa mara nyingi huhitaji kuongezwa. Na asiiache dawa kwa sababu tu amejisikia vizuri. Amejisikia vizuri kwa sababu anaitumia.

MJUMBE AMETUMWA NA NANI?

Tumfikirie mama mmoja wa kando ya ziwa, mwuza omena. Kwa miezi minne amekuwa akichoka. Akibeba ndoo ya maji hupumzika mara tatu njiani. Aenda dukani. Mwuzaji amwambia, "Mama, chukua hii, nguvu zitarudi." Anunua chupa ya kwanza, kisha ya pili, na fedha ya karo yapungua. Nguvu hazirudi. Mwishowe apelekwa zahanati, apimwa damu na choo, na yaonekana kwamba damu imepungua sana kwa sababu ya minyoo ya safura na kichocho cha tumbo, alichokipata kwa kusimama majini. Chupa zile hazikumdhuru kwa sumu. Zilimdhuru kwa kumcheleweshea tiba miezi mingi.

Huku kwetu wajumbe wa namna hii hutumwa na wengi. Malaria hula damu. Si bure kwamba chanjo yake ilipoanza kutolewa Kenya, ilizinduliwa katika Kaunti ya Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019. Wako pia safura na kichocho, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa sukari, na huzuni nzito ya moyo. Uko ugonjwa wa selimundu, ambao watoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na mtoto wake hapewi chuma mpaka imepimwa na kuonekana kwamba amepungukiwa nacho. Na kweli, mara nyingine aliyetuma ni tezi. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya huyu haimtibu yule.

MAMBO YA KUFANYA

1. Uchovu ukipita wiki mbili bila sababu unayoijua, nenda zahanati ukapimwe. Akija mhamasishaji wa afya ya jamii nyumbani kwako, mweleze naye.

2. Nenda upesi, bila kungoja siku, ukiwa na homa, pumzi fupi, maumivu ya kifua, damu katika choo au unakonda. Mtoto mwenye viganja vyeupe asilale nyumbani.

3. Chukua vifuko vya dawa zote unazomeza, hata vitamini na mitishamba, umwonyeshe daktari.

4. Uliza maswali matatu: Ugonjwa wangu waitwaje? Umejulikana kwa kipimo gani? Dawa hii nitaimeza mpaka lini?

5. Fedha uliyotaka kununulia chupa ya pili ya vitamini, nunua omena, mboga na chumvi yenye iodini.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kwa nini samaki wa ziwani hatoshi kuwa kinga ya rovu? Ni vitamini zipi ambazo mwili huziweka akiba? Kwa nini levothairoksini haimezwi pamoja na chuma? Msomaji akiweza kuyajibu haya mbele ya jamaa zake jioni, somo limefika.

Dawa ni rafiki wa mtu aliyekwisha kulijua jina la ugonjwa wake. Kwa asiyelijua, ni mgeni tu. Na mgeni hapewi funguo za nyumba kabla ya kuulizwa atokako.