Lami Kuukuu Chini ya Gari: Ibandue Uone Kutu



Somo letu la leo ni juu ya magari ya zamani, hasa Land Rover kuukuu ambazo mpaka sasa zinabeba mahindi, mbolea na wagonjwa vijijini. Usiseme, "Mimi sina gari, somo hili halinihusu." Chesisi ikikatika njiani, anayeumia siyo mwenye gari peke yake. Hata wewe uliyekaa juu ya magunia unaumia.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na chuma kilikuwa adimu huko Uingereza. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini, ndugu yake sufuria zetu za jikoni. Alumini haioti kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani ile mifupa ya chini inayobeba injini, bodi na mzigo, ni ya chuma, na unene wake ni karibu milimita 2 tu. Ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover ya mwaka 1970 bodi yake nzima, kumbe mifupa imeoza.

Magari mengi ya zamani yalipakwa dawa nyeusi chini ili kuzuia kutu. Mara nyingi dawa hiyo ilitengenezwa kwa lami, jamaa ya ile ya barabara ya Makambako hadi Songea. Ikiwa mpya ni nzuri sana: inashika, inavutika, maji hayapiti. Miaka mingi ikipita inakauka na kupasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, na yakishaingia hayatoki upesi, maana jua na upepo haviyafikii. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu inaanza. Tena kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inaisukuma lami na kuibandua kidogo kidogo. Nje unaona weusi wa kupendeza, ndani chuma kinaliwa.

Sisi wa Songea tuna jambo la ziada. Gari linabeba mbolea za chumvichumvi, mfuko unapasuka, punje zinaangukia kwenye chesisi. Mvua za Novemba zikija zinaziyeyusha. Maji ya namna hiyo hula chuma upesi kuliko maji ya mvua matupu.

Watu wengi hupaka lami mpya juu ya ile kuukuu. Kwa maoni yangu, huko ni kukandika udongo juu ya nguzo iliyoingia mchwa. Na ukiambiwa ununue gari la zamani lililopakwa lami jana, usitoe pesa kabla ya kuligonga chini.

Kugonga ni kazi rahisi. Akina mama wanaijua, maana chungu sokoni hugongwa kabla ya kununuliwa. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi taratibu kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Palipooza sauti inakuwa nzito, kama kugonga gome bovu, na pengine lami inabonyea. Hapo ni lazima ibanduliwe.

Fanya kazi hii kiangazi. Osha kwanza matope yote, acha gari likauke. Toa waya wa betri. Ukiinua gari kwa jeki, weka magogo imara chini ya chesisi na uzibe magurudumu kwa mawe. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma.

Kisha tumia baridi yetu. Lami ikipata joto inanata kama ulimbo; ikipata baridi inakuwa kavu na kukatika. Asubuhi na mapema mwezi Juni au Julai, igonge na kuikwangua kwa kisu butu cha fundi, nayo itabanduka vipande vipande. Ukingoja saa nane mchana utahangaika nayo mpaka jioni. Kwenye alumini tumia kipande cha mti, usiichubue. Jihadhari na mabomba ya breki na ya mafuta, maana hupita papo hapo. Masalio yanayonata yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Usitumie petroli. Wako mafundi wanaopenda kuichoma lami kwa moto kwa sababu ni haraka. Mimi siungi mkono: tangi liko jirani.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Baadhi ya dawa hizo za zamani zilichanganywa na asbesto, nyuzi laini sana zinazoharibu mapafu. Madhara yake huweza kuonekana baada ya miaka mingi. Kwa hiyo usisage lami kavu kwa mashine, wala kuipiga brashi ya waya ikiwa kavu. Ilowanishe kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali. Khanga au leso puani haizuii nyuzi hizo. Vaa miwani na glavu.

Vipande vyote viangukie kwenye turubai, uvifunge mfukoni vikiwa na unyevu. Visitupwe mtoni wala karibu na kisima. Mto Ruvuma unaanzia hapa kwetu, milima ya Matogoro, na wengi wanakunywa huko chini. Wala visiwashiwe moto jikoni.

Chuma kikiwa wazi, sasa ndipo unajua ukweli. Penye tundu, fundi akate palipooza na kuchomelea chuma kipya, baada ya kuondoa tangi. Penye kutu ya juu tu, isugue kwa msasa na maji, ikaushe vizuri, upake rangi ya kuzuia kutu, halafu dawa mpya. Matundu madogo yaliyo chini ya chesisi usiyazibe. Hayo ndiyo milango ya maji kutokea.

Zoezi: Chesisi ilikuwa na unene wa milimita 2. Kutu imekula nusu milimita upande wa nje na nusu milimita upande wa ndani. Umebaki unene gani? Jadilianeni katika kikundi: je, mngepakia magunia 15 juu yake?