Kusoma Majibu ya Kipimo cha Udongo kabla ya Kupanda Maboga

Mkulima anapopokea majibu ya kipimo cha udongo, mara nyingi hukuta safu za tarakimu bila maelezo, akalazimika kumpa muuza pembejeo karatasi ile amsomee. Hatuwatuhumu wauzaji, lakini anayeuza mbolea hafai kuwa mtu pekee wa kuulizwa kama mbolea inahitajika. Katika somo hili tunaeleza namna ya kujisomea majibu hayo, pamoja na jambo ambalo wakazi wa Geita na Shinyanga hawatalikuta katika karatasi hiyo.

Sampuli

Majibu hayawi bora kuliko sampuli. Chota udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 katika sehemu 10 hadi 15 za bustani, uuchanganye katika ndoo safi ya plastiki, uuanike kivulini, kisha upeleke takribani kilo moja. Udongo wa luseni, yaani mchanga mwepesi wa miinukoni, usichanganywe na udongo mweusi wa mbuga unaopasuka wakati wa kiangazi. Usichote palipokuwa zizi, jalala au jiko. Afisa ugani wa kata atakuelekeza mahali pa kupimia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha kanda hii ni TARI Ukiriguru, mkoani Mwanza.

Maana ya tarakimu

*pH* huonesha uchachu wa udongo. Maboga hustawi vema kati ya 6.0 na 6.8. Ikiwa chini ya 5.5, chokaa ya kilimo huhitajika, nayo ichanganywe na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Ikiwa 7 au zaidi, usiweke chokaa wala majivu: utapoteza fedha na kuuharibu udongo.

*Kaboni* huonesha wingi wa mboji. Chini ya asilimia 1.25 ni kiwango cha chini.

*Naitrojeni* chini ya asilimia 0.2 ni ndogo.

*Fosiforasi* isomwe pamoja na jina la njia ya upimaji. Kwa njia ya Bray, chini ya miligramu 7 kwa kilo ni upungufu. Kwa njia ya Olsen, chini ya 5. Karatasi isiyotaja njia, irudishe uulize.

Tuchukue mfano wa bustani ya luseni yenye pH 5.8, kaboni asilimia 0.5, naitrojeni asilimia 0.05 na fosiforasi 5 kwa njia ya Bray. Uchachu si tatizo kubwa, hivyo chokaa si ya kwanza kununuliwa. Kinachokosekana ni mboji, na pasipo mboji mchanga hauwezi kushika maji wala mbolea. Chimba mashimo yenye nafasi ya mita 2, na kila shimo liwekewe debe moja la samadi iliyooza, si mbichi, kwa kuwa mbichi huunguza mbegu. Ongeza vizibo viwili vya soda vya DAP, uvifukie mbali kidogo na mbegu. Mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili, maana mvua huishusha upesi katika mchanga. Katika mbuga, panda juu ya matuta ili maji yasituame.

Ambalo karatasi haisemi

Kipimo cha kawaida cha rutuba hakipimi zebaki, wala aseniki ambayo huweza kuwamo kiasili katika miamba ya dhahabu. Udongo unaweza kuwa na rutuba nzuri na bado usifae kwa chakula. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini zebaki iliyokwisha kuingia ardhini haiondoki. Samadi na chokaa haziiondoi, na kuosha majani ya maboga huondoa vumbi tu.

Ikiwa bustani yako ipo karibu na mwalo, mahali pa kuchomea dhahabu au lundo la marudio, tunashauri hivi:

1. Usijazie bustani kwa marudio, hata kama yanaonekana kuwa mchanga safi.
2. Usimwagilie kwa maji ya bwawa la kuchenjulia.
3. Omba kipimo cha madini hayo kwa jina. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Mwanza.
4. Kabla ya kupata majibu, panda maboga mahali pengine, au katika mifuko yenye udongo uliotolewa mbali na machimbo.

Unaponunua

Nenda dukani na majibu yako, ukijua unachokitaka. Chagua mfuko uliofungwa kiwandani, soma lebo na tarehe, udai risiti, na uihifadhi pamoja na karatasi ya majibu. Baada ya misimu mitatu pima tena, kisha ulinganishe karatasi hizo mbili: hapo ndipo utakapojua kama fedha yako imeufaa udongo.