SOMO LETU: MTUNGI UNAOTOA JASHO

Pitisha mkono wako juu ya mtungi wa maji uliokaa kivulini. Utaona umelowa kidogo kwa nje. Haukutoboka. Mtungi unatoa jasho, nalo ndilo linalopoza maji yaliyo ndani.

Je, jasho hupozaje? Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto na kwenda nalo. Mkulima akitoka shambani, upepo ukampiga, husikia baridi kwa sababu hiyo hiyo. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Maji hupenya humo, hufika nje, hukauka. Ndoo ya plastiki haina vitundu, basi haitoi jasho. Hata mtungi uliopakwa rangi ya mafuta hautoi. Unapendeza, lakini maji yake ni vuguvugu tu!

Sasa tutumie jambo hilo kwa mboga. Mama wa Katesh au Basotu anavuna nyanya na mchicha. Asipouza zote leo, kesho mchicha umenyauka, na bei hupanga mnunuzi. Huko Nigeria mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, aliona shida kama hiyo. Mwaka 1995 alianza kutengeneza vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine. Ilielezwa kwamba bilinganya zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilikaa siku 27. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Kutengeneza si kazi ngumu. Tafuta chungu kikubwa na kingine kidogo, vyote vya udongo usiopakwa kitu. Tia mchanga chini ya kile kikubwa, weka kidogo juu yake, kisha jaza mchanga pembeni mpaka karibu na mdomo. Mwagia mchanga maji mpaka ulowe. Weka mboga ndani, funika kwa kitambaa kilicholowa. Asubuhi na jioni ongeza maji kwenye mchanga. Maji ya kuoshea mboga yanafaa, maana tunajua jinsi akina mama wanavyoyafuata mbali wakati wa kiangazi. Weka vyungu kivulini penye upepo. Ukivificha stoo iliyofungwa, mvuke hauna pa kwenda.

Kiangazi, hewa ikiwa kavu, ndipo vyungu hufanya kazi vizuri. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na ubaridi hupungua. Tena hii siyo friji. Usiitegemee kutunza nyama wala chanjo za mifugo. Maziwa yaendelee kuchemshwa.

Udongo una kazi nyingine pia. Wazee wa Kiiraqw huko Kainam walichimba nyumba zao kwenye mteremko wa kilima, paa la udongo likakaribia kuwa sawa na ardhi. Walifanya hivyo ili maadui waliokuja kuteka ng'ombe wasizione. Lakini udongo mnene hupata joto polepole na kulitoa polepole. Mchana ndani hapachomi, na usiku wa baridi ya Mbulu joto halikimbii. Mchwa nao hujenga kwa udongo. Kuta za kichuguu zina vitundu vinavyopitisha hewa. Msanifu Mick Pearce alijifunza kwao alipobuni jengo kubwa la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996. Hupozwa zaidi na hewa ya usiku na kuta nzito.

Hatusemi turudi kwenye tembe. Tembe huvuja, hula miti mingi, na nyufa zake hukaa papasi waletao homa. Bati hutupa maji ya mvua. Ila chini ya bati tupu saa nane mchana, mtoto mgonjwa hapati usingizi. Jenga kuta nene za matofali ya udongo, ziba nyufa, tandika dari la matete chini ya bati, na acha matundu juu ili hewa ya moto itoke.

Maswali ya kikundi: Kwa nini vyungu hupoza zaidi kiangazi kuliko masika? Katika kijiji chenu nani bado anajua kufinyanga, na chungu kikubwa anauza shilingi ngapi?