PANGA PEKE YAKE HALITOSHI
Somo la kuchagua misumeno na vifaa vya kukatia vichaka na matawi



Katika somo la leo tutaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunadhani tunalijua tangu utotoni, yaani kufyeka vichaka na kukata matawi ya miti. Somo lenyewe limetokana na tukio la kusikitisha. Katika jumuiya ndogo ya Kikristo mojawapo ninazozitembelea huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya, baba mmoja alipanda mti wa grevilea, ule tunaouita mukima, akiwa na panga mkononi. Alitaka kupunguza kivuli kabla ya kupanda mahindi. Tawi alilokuwa akilikata lilipasuka kabla halijakatika, likamrudia kifuani, naye akaanguka. Alivunjika mguu. Msimu ule hakulima, na watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Tulipokwenda kumwona, tulisali, tukachanga pesa, tukampa pole. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini alitumia panga. Hatukuuliza kwa sababu sisi sote tungetumia panga hilo hilo.

Baadaye wanajumuiya walikubaliana kutoa pesa kidogo kutoka kwa chama chao wanunue vifaa. Hapo ubishi ukaanza. Vijana walitaka msumeno wa injini. Akina mama walitaka mapanga mapya. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, panga hii imenilisha miaka arobaini. Unataka niiache?"

Nikamjibu, "Hapana mzee, usiiache. Ipe tu kazi yake, na zile kazi zingine uzipe wenyewe."

Hilo ndilo fundisho letu leo: kila unene wa tawi una kifaa chake.

1. ANZA NA TAWI, USIANZE NA DUKA

Kabla ya kwenda kwa duka la hadwea, tembea shambani kwako. Angalia unachokata mara nyingi. Je, ni lantana kando ya ua? Ni vitawi vya kahawa na parachichi? Au ni matawi ya mukima yaliyonenepa kama mkono? Huna haja ya futi. Tumia mwili wako kupima:

(a) Tawi lisilozidi unene wa kidole gumba, yaani karibu sentimita 2: makasi ya kupogolea ya mkono mmoja.
(b) Tawi la unene wa vidole gumba viwili, hadi sentimita 4 hivi: makasi ya mikono mirefu, yanayoshikwa kwa mikono miwili.
(c) Tawi lenye unene kama wa kifundo cha mkono, hadi karibu sentimita 10: msumeno wa kupogolea.
(d) Tawi nene kuliko hapo, au gogo lililolala chini: msumeno wa upinde.
(e) Vichaka, majani marefu na machipukizi membamba: panga na fyekeo.

Ukikata tawi nene kwa kifaa kidogo, utakiharibu na utajichosha bure.

2. TUVIJUE VIFAA VYENYEWE

Panga. Ni zuri kwa vichaka, machipukizi na kuchanja vitawi vya kuni vilivyo chini. Likitumiwa kwenye tawi nene la mti ulio hai, huacha kidonda kilichochanika, kama nguo iliyoraruliwa badala ya kukatwa. Maji husimama hapo, wadudu na uozo huingia. Unapofyeka lantana au miiba, usishike kichaka kwa mkono wa pili. Tumia kijiti chenye panda kukivuta na kukishikilia, ili mkono ukae mbali na makali. Pia kumbuka kuwa lantana ikikatwa juu tu, huchipuka tena. Ing'oe mizizi kwa jembe au sururu, na usiwape ng'ombe majani yake kwa maana yana sumu.

Makasi ya kupogolea. Kuna aina mbili. Ya kwanza ina bapa mbili zinazopishana kama makasi ya fundi cherehani. Hii ndiyo ya matawi mabichi, kwa sababu hukata safi bila kuponda. Aina ya pili ina bapa moja linaloshuka juu ya kipande bapa, kama kisu juu ya ubao. Hiyo inafaa matawi makavu. Ukiwa na pesa za makasi moja tu, nunua yale yanayopishana.

Msumeno wa kupogolea. Huu ni mfupi, mara nyingi umepinda kidogo kama mundu, na meno yake yameelekea kwa mshikaji. Unakata unapouvuta, si unapousukuma. Hiyo ni faida kubwa kwa kazi ya juu ya kichwa, kwa kuwa kuvuta ni rahisi kuliko kusukuma. Tena unapenya katikati ya matawi yaliyosongamana. Aina nyingine hufungwa kwenye mti mrefu au bomba, ukakata tawi ukiwa umesimama chini.

Msumeno wa upinde. Una fremu ya bomba la chuma iliyopindwa, na bapa jembamba lililovutwa kati ya ncha zake. Hukata ukienda na ukirudi. Urefu unaopatikana sana ni inchi 21, 24 na 30. Ule wa inchi 21 unatosha mtu mmoja na matawi ya kawaida. Ule wa inchi 30 ni mzuri kwa magogo, na watu wawili wanaweza kushikana. Ubaya wake ni kwamba fremu huzuiwa na matawi ya jirani, kwa hiyo usitegemee kuutumia kila mahali.

Angalia pia bapa lake. Bapa la mti mbichi lina makundi ya meno, na kati ya kundi na kundi pana jino la umbo tofauti ambalo hukwangua na kutoa unga wa mbao. Bapa la mti mkavu lina meno ya namna moja yanayofuatana. Ukikata mti mbichi kwa bapa la mti mkavu, unga hujaa na msumeno hukwama.

Msumeno wa seremala. Wengi tunao nyumbani na tunaona ni sawa tu. Si sawa. Umetengenezwa kwa mbao zilizokauka, na hukata ukisukumwa. Katika tawi bichi hukwama, ukilazimisha hupinda. Mwachie seremala.

Shoka. Ni la kuangusha mti na kupasua kuni. Halipogoi.

Msumeno wa injini. Vijana, nisikilizeni. Mashine hii hutaka petroli, oili, mnyororo mpya, mafunzo, na mavazi ya kujikinga. Ikikupiga, haikuachii kovu dogo. Kwa familia yenye miti ishirini au thelathini mpakani mwa shamba, msumeno wa mkono unamaliza kazi. Siku ya kuangusha mti mkubwa, mlipe fundi aliyefunzwa.

3. KATA MARA TATU

Yule baba hakuanguka kwa sababu ya uzembe. Alianguka kwa sababu tawi zito likikatwa kutoka juu peke yake, uzito huliangusha kabla halijakatika, nalo huchana gome na kupasuka. Dawa yake ni kukata mara tatu:

Kwanza, kata kutoka CHINI ya tawi, karibu sentimita 30 kutoka kwenye shina. Ingia kama theluthi moja ya unene, kisha toa msumeno kabla haujabanwa.

Pili, kata kutoka JUU, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, upande wa kwenda kwenye ncha ya tawi. Tawi litaanguka bila kuchana gome la shina.

Tatu, sasa ondoa kile kisiki kilichobaki. Angalia pale tawi linapoungana na shina, utaona uvimbe mdogo kama kola ya shati. Kata nje tu ya uvimbe huo. Usiukate wenyewe, kwa maana hapo ndipo mti hujifunika kidonda. Wala usiache kisiki kirefu, kwa maana hukauka, kikaoza na kupeleka uozo ndani ya shina.

Hapa pana pesa. Mukima asili yake ni Australia, na uliletwa huku kwetu kutoa kivuli katika mashamba ya chai na kahawa. Leo ni mbao zetu, kuni zetu na karo ya watoto wetu. Mnunuzi wa mbao akipasua shina akute uozo na mafundo makavu, atashusha bei, na huna la kumjibu. Mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kupanda ni vizuri, lakini mti hauishii kwenye kupandwa. Na ukitaka mbao, usiunyoe mti mchanga ukabaki na kishada tu huko juu. Mwachie matawi angalau nusu ya juu ya urefu wake.

4. ROHO KWANZA, TAWI BAADAYE

- Kama tawi linafikiwa kutoka chini kwa msumeno wa mti mrefu, usipande.
- Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu wa kuzuia watoto na mifugo, na wa kuita msaada.
- Usisimame chini ya tawi unalolikata.
- Vaa viatu vilivyofunika vidole, na shati la mikono mirefu. Majani na unga wa mukima huwasha ngozi ya watu wengine. Linda macho pia.
- Matawi yaliyo karibu na nyaya za stima usiyaguse kamwe, hata kwa mti mkavu. Waite watu wa kampuni ya umeme.
- Mtu akikatwa, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono au mguu uliokatwa, mpeleke kituo cha afya mara moja. Aulize sindano ya pepopunda.

5. KINOLEWACHO HUPATA

Mhubiri, sura ya 10 mstari wa 10, anatufundisha kwamba anayefanya kazi na chuma butu bila kukinoa atalazimika kutumia nguvu zaidi. Mimi naongeza kwamba chuma butu huteleza, na kikiteleza kinakuja kwako.

Panga na makasi hunolewa kwa tupa bapa au jiwe. Msumeno hunolewa kwa tupa ya pembe tatu, jino moja moja, taratibu. Lakini angalia kwanza. Ukiona ncha za meno ni nyeusi zenye rangi ya buluu, hayo yamekaushwa kwa moto kiwandani na tupa haiyawezi. Hapo nunua bapa jipya. Kwa hiyo unaponunua msumeno wa upinde, muulize mwenye duka kama bapa za akiba zinapatikana. Msumeno usio na bapa la pili utaishia kuning'inia ukutani.

Baada ya kazi, futa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, kisha paka mafuta kidogo. Usiache kifaa nje kwa umande. Ukikata mti mgonjwa, safisha bapa kwa spiriti kabla ya kwenda kwa mti mzima, usije ukabeba ugonjwa kutoka kahawa hii hadi ile.

6. KUNUNUA PAMOJA

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, mtu mmoja alikuwa akikata mti, na chuma cha shoka lake kikatumbukia majini. Akalia, kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Basi shida ya vifaa vya kuazima si ya leo!

Ile jumuiya niliyoitaja ilinunua msumeno wa upinde mmoja wa inchi 24 pamoja na bapa mbili za akiba, misumeno miwili ya kupogolea, mmoja wao ukiwa wa kufungwa kwenye mti mrefu, makasi mawili na tupa mbili. Mapanga kila mtu ana lake. Waliweka masharti manne: kila anayechukua huandikwa kwenye daftari; hurudisha kabla ya siku tatu; hurudisha kikiwa safi; akivunja, analipa kidogo kidogo. Wajane na wagonjwa hukatiwa matawi na vijana bila malipo.

Mwenye kuweka daftari hilo ni yule baba aliyeanguka. Anatembea kwa mkongojo, lakini vifaa viko kwake, na hampi mtu msumeno kabla hajamwuliza, "Unaenda kukata tawi la unene gani?" Ukimjibu kuwa hujui, anakurudisha shambani ukapime.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika mashamba yetu, ni matawi ya unene gani tunayakata mara nyingi? Tunatumia kifaa gani sasa?
2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu aliyewahi kuumia kwa kazi hii? Tulijifunza nini?
3. Tukichanga pesa, ni kifaa gani kimoja tungeanza nacho, na nani angekitunza?
4. Nani kati yetu hawezi kukata matawi yake mwenyewe, na tutamsaidia lini kabla mvua haijaanza?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.