Jina la Mahali katika Utafutaji wa Marejeleo: Mfano wa Mumbuni

Baadhi ya watafiti wachanga hudai kwamba mada waliyoiteua haijawahi kuchunguzwa. Aghalabu dai hili hutokana na upungufu wa utafutaji, wala si wa maandishi. Tuchukulie anayetafiti mmomonyoko wa udongo huko Mumbuni, Machakos. Akiandika "Mumbuni" pekee katika Google, huenda akaambulia matangazo ya ploti tu.

Kwanza, apanue eneo. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki, *More People, Less Erosion* (1994), kinachunguza Wilaya ya Machakos kuanzia 1930 hadi 1990. Katalogi ya maktaba hukiorodhesha kwa jina la wilaya, si la kitongoji.

Pili, abadilishe tahajia: Kamba, Akamba, Wakamba, Ukambani. Gerhard Lindblom aliandika kuhusu "Akamba" mwaka 1920. Neno "Wakamba" pekee huenda lisimfikishe kwake.

Tatu, apekue faharasa na marejeleo ya kitabu alichokipata, kisha atumie Google Scholar, iliyoanzishwa 2004, kuwaona waliokirejelea baadaye.

Akikwama, amwendee mkutubi. Baada ya hatua hizi ndipo anapoweza kudai kwamba pengo lipo, na dai lake likasimama mbele ya watahini.